Posa ya Daktari Masese

Jumanne hiyo Masese Nyangau alikuwa amebakiwa na siku tatu kabla PhD yake haijaharibika. Msicheke. Maziwa huharibika, parachichi huharibika, na wenye kazi zao huko nje wameamua kwamba PhD nayo huharibika. Ikishatimiza miaka mitano tangu uvalishwe ile kofia, hawaitaki tena, hata kama kichwa kilichovaa kofia kimezidi kujua. Ya Masese ilikuwa inatimiza miaka mitano Ijumaa.

Kazi aliyokuwa akiitafuta ni ile ya utafiti ambayo mtu hupewa baada ya PhD. Wenyewe huiita postdoki. Siku aliyojaribu kumweleza mama yake, Kwamboka, waliishia pabaya.

"Ninaajiriwa na profesa, mama. Namfanyia utafiti mwaka mmoja."

"Na mwaka ukiisha?"

"Natafuta profesa mwingine."

"Na huyo naye ni wa mwaka mmoja?"

"Mmoja, au miwili nikibahatika."

"Hicho ni kibarua," Kwamboka alisema, akaendelea kupepeta wimbi.

Masese alikuwa na miaka thelathini na minane. Waliishi wawili tu yeye na mama yake, huko Manga, chini ya ule ukingo wa mlima. Baba alishafariki, na dada zake wawili walikuwa wameolewa, mmoja Gesima na mwingine Birongo. Siku mbili kwa wiki alipanda boda kushuka mjini Kisii kufundisha vipindi katika chuo kimoja ambako wanafunzi walimwita daktari walipotaka kuongezewa alama, na siku nyingine zote walimwita yule wa ndizi, kwa kuwa ugonjwa wa mnyauko wa migomba ndio aliosomea miaka sita. Siku zilizobaki alikama ng'ombe, alichuma chai, kisha akaketi mlangoni na kompyuta mapajani akituma maombi ya kazi. Aliketi mlangoni kwa sababu mtandao nao, kama kuku wa jirani, ulifika mlangoni hauingii ndani.

Alikuwa ametuma maombi sabini na matatu. Chuo kimoja kilimjibu baada ya dakika nne kwamba kimeyasoma maombi yake kwa makini. Kingine kilimkataa mara mbili, ya pili kwa upole zaidi. Kingine kilimkataa katika kazi ya historia ya muziki ambayo hakuwahi kuiomba, naye akahuzunika vilevile. Tangazo moja lilitaka mtu aliyemaliza PhD juzi na mwenye uzoefu wa miaka saba. Tena mmoja wa wadhamini wake watatu alikuwa ameaga dunia, Mungu amlaze pema, lakini mtambo wa chuo fulani uliendelea kumwandikia marehemu kila Jumatatu kumkumbusha alete barua ya kumpendekeza Masese. Wiki ya tatu mtambo ukamjulisha Masese kwamba asiwe na wasiwasi, mdhamini wake anaishughulikia. Mambo ya watu waliosoma mpaka wakapitiliza.

Ombi la sabini na nne ndilo lililoitikiwa. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya, katika mji ambao Masese alijifunza kuutamka kwa wiki mbili, kilisema kitamhoji kwa kompyuta Jumanne saa tano asubuhi. Akamwambia mama yake, naye mama akauliza swali moja tu.

"Mtakuwa wangapi?"

"Wao watatu. Mimi peke yangu."

"Na utawaambia nini?"

"Nitawaeleza uzuri wangu."

Kwamboka akaweka ungo chini. "Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Ndivyo wanavyotaka, mama."

"Mtu anakaa mbele ya wageni watatu anajisifu mwenyewe, hana hata shangazi wa kumsemea? Kumbe ndiyo maana wamekukataa mara sabini na tatu!" Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: methali hiyo mama alifundishwa darasa la sita, na hakuwa ameihitaji mpaka siku hiyo. Akajifunga leso, akatoka bila kusema anakokwenda.

Alikwenda kwa mzee Omwenga. Huyu Omwenga alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, karani mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai, lakini sifa yake kubwa ilikuwa ya kuwa esigani. Esigani ni mshenga wa Wagusii, na msimlinganishe na hawa washenga wa siku hizi wanaokodishwa na suti. Esigani hatumwi kusifu tu. Hutumwa kuchimba. Huuliza yale ambayo jamaa wanaona haya kuyauliza, na hutaja kasoro za pande zote mbili hadharani, ili kesho asitokee mtu akasema hakuambiwa. Omwenga alikuwa ameunganisha ndoa kumi na moja. Kumi zimesimama, na ile ya kumi na moja husema aliwaonya.

Basi Jumanne ikafika. Saa tano kasorobo Masese alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni, shati jeupe, koti, tai, na chini gambuti kwa sababu alikuwa ametoka kukama. Kompyuta ilikaa juu ya debe la wimbi. Alikuwa akirudia kimoyomoyo sentensi yake ya kwanza ya Kiingereza alipoona kofia ya mzee Omwenga ikipanda njia ya shambani, na nyuma yake mama, katika gauni lake la Sabato.

"Bwakire buya," mzee akasalimu. Habari ya asubuhi.

"Bwakire, mzee. Karibu sana, lakini nina mahojiano saa hii."

"Najua. Sogea."

Akaketi upande mmoja wa benchi, Kwamboka akaketi upande wa pili, Masese akabanwa katikati. Alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba, mama akatazama migomba ya jirani.

"Kwanza tuelewane," Omwenga alisema. "Katika jambo hili, sisi ni upande wa kuoa au wa kuolewa?"

"Mzee, hii ni kazi. Hakuna anayeoa."

"Nani anahamia kwa mwenzake?"

"Mimi."

"Utalala kwao?"

"Nitalala kwao."

"Basi wewe ndiwe bibi harusi. Kaa hivyo hivyo katikati, inamisha uso kidogo, na usiongee mpaka uulizwe."

Ninyi mngefanyaje? Esigani hafukuzwi. Ukimfukuza leo, habari zitafika soko la Birongo kabla yake, na siku utakayotaka mke wa kweli utajitafutia mwenyewe msituni. Masese alikuwa bado anatafuta maneno ya adabu ya kumwondoa mzee pale kioo kilipowaka, nyuso za Ulaya zikatokea.

Walikuwa watatu kama walivyoahidi. Mwanamke wa makamo mwenye miwani, huyo ndiye Profesa Emily, mwenye mradi. Bwana mmoja mwenye tai kutoka ofisi ya ajira. Wa tatu kamera yake ilikuwa imeelekea juu, kwa hiyo ilionekana dari tu, na dari hiyo haikusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho.

Masese alianza kueleza kwa Kiingereza kwamba hawa aliofuatana nao ni, ni, akakosa neno. Omwenga hakumsubiri. Alivua kofia, akakisogelea kioo na kuongea kwa Kiswahili, maana lugha ya wageni kwake ilikuwa Kiswahili, mgeni awe ametoka Kisumu au mwezini.

"Hamjambo huko! Mimi ni Omwenga. Nimekuja kusemea hii mtoto yetu."

Bwana mwenye tai akakunja uso. Lakini Profesa Emily akanyanyuka kitini kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. "Shikamoo, mzee!" akasema. "Nimeishi Bukoba miaka minne, nikitafiti migomba. Karibuni sana, jisikieni nyumbani."

Kiswahili kilikuwa kimenyooka kuliko cha Manga nzima. Omwenga, ambaye salamu ya shikamoo haikuwa kawaida ya kwao, alijibu "Asante sana," kisha akaingia kazini.

"Emily, sisi tumekuja na amani. Kwetu mtu hawezi jisifu, hiyo si adabu. Kwa hivyo mimi ndio nitasema. Huyu kijana amesoma mpaka masomo ikaisha. Pombe hanywi. Kanisani anaenda. Kwao hakuna mtu alifungwa jela, isipokuwa mjomba moja, na hiyo ilikuwa tu maneno ya mpaka ya shamba."

"Nimekusikia, mzee," Emily akasema, na akaandika.

"Sasa makosa yake."

"Mzee!" Masese akaruka.

"Wewe nyamaza, hujaulizwa. Makosa iko tatu. Ya kwanza, asubuhi ni mgumu kuamka, ng'ombe inalia mpaka majirani wanasikia. Ya pili, akikasirika anamaliza siku mbili haongei, anakula tu. Ya tatu," na hapa mzee akashusha sauti kama mtu anayetaja ukoma, "alisomea ugonjwa ya ndizi miaka sita, na ndizi ya mama yake yote imekufa na hiyo ugonjwa."

Masese alitamani ardhi ipasuke immeze na gambuti zake. Katika barua sabini na nne alikuwa ametaja makala, tuzo, makongamano, hata cheti cha kuogelea. Shamba la mama yake hakulitaja hata mara moja. Bwana mwenye tai alitabasamu na kutikisa kichwa, kwa kuwa hakuelewa neno. Dari ikabaki dari.

Emily alivua miwani. "Yote imekufa? Kwa nini?"

Swali hilo halikuwa na mwenyewe, basi Kwamboka akalichukua. "Aliniambia ning'oe yote. Hata ile mzima. Nikamwuliza, mwaka hii tutakula nini? Akaniletea karatasi iko na michoro."

"Na uling'oa, mama?"

"Niling'oa." Kwamboka akanyoosha gauni magotini. "Lakini nilificha tano nyuma ya boma ya ng'ombe."

Masese akamgeukia polepole. "Ulificha?"

"Tano tu."

Sasa mjue jambo hili. Masese alikuwa ameandika makala nzima, kurasa kumi na nne, yenye majedwali na ramani, kueleza jinsi ugonjwa ulivyorudi katika shamba lililokuwa limesafishwa kabisa. Ilichapishwa. Ililaumu wadudu. Na miaka yote hiyo wadudu wenyewe walikuwa wanampikia uji.

Emily alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu kicheko kikamwisha ghafla, akawa na uso wa mtu aliyekiona alichokuwa akikitafuta. "Mama," akasema, "mradi wangu ni huo hasa. Nataka kujua kwa nini mkulima anaficha migomba mitano. Nimehoji waombaji kumi na tisa mwezi huu. Wote wameniambia mkulima anahitaji kuelimishwa. Hakuna aliyeniambia kuhusu boma la ng'ombe." Akamtazama Masese. "Ninakutaka. Nafasi ni yako, mwaka mmoja."

Masese akasimama kutoa shukrani. Omwenga akamvuta kwa pindo la koti, kijana akaketi tena kwa kishindo.

"Tulia. Posa haikubaliwi siku ya kwanza." Kisha akageukia kioo. "Emily, asante. Sasa na sisi tuko na maswali. Yule alikuwa hapo mbele yake alienda wapi?"

Emily akaweka kalamu chini. "Alirudi kwao. Mkataba uliisha."

"Na yule mbele ya huyo?"

"Mkataba uliisha."

"Ni wangapi wametoka hivyo?"

"Sita," Emily akasema, kwa sauti ndogo.

Omwenga akamtazama Kwamboka kwa muda. "Mama Masese, nyumba imetoka wake sita, hapo si wake ndio mbaya." Kisha kwa Emily, bila ukali: "Na wewe mwenyewe? Hapo ni kwenu kabisa?"

Profesa Emily aliisogelea kamera. Alitupa jicho kwa bwana mwenye tai, akahakikisha bado anatabasamu tabasamu la mtu asiyeelewa. "Mzee, nikwambie ukweli. Mimi pia ni wa mkataba. Wangu unaisha Desemba. Natafuta kazi. Nimetuma maombi arobaini na moja."

"Mimi sabini na manne," Masese akaropoka, na aibu iliyoje, alijisikia fahari.

"Pole sana," Emily akamwambia.

"Pole na wewe, Profesa."

"Kwa hivyo mwenye nyumba hana nyumba," Omwenga akasema. Sasa hata yeye alionekana kuchoka. "Na mwaka ni moja. Emily, hata shamba ya kukodisha huku tunapeana miaka tatu, ndio mtu apande kitu akivune. Hapana. Tumesikia. Wacha twende tuongee, turudi kwenu mwezi ujao."

"Mwezi ujao!" Masese na Emily walipiga kelele pamoja, huyu Manga na yule Ulaya. Emily ndiye aliyeweza kueleza. Mtambo wa chuo ulikuwa unafungwa leo hiyo hiyo, na jina lisipoingia leo haliingii tena. Tena Ijumaa Masese atakuwa amepita miaka mitano, mtambo hautamtambua hata akija na Omwenga kumi.

Mzee aliivuta fimbo yake kutoka chini ya benchi. Kisha akasimama, akaegemea fimbo, na hata bwana mwenye tai akaacha kutabasamu. Katika desturi ya Wagusii, pande zote zikishasema, na mabaya yote yakishatajwa, esigani humwuliza yule anayeolewa mbele ya watu. Hapo hakuna mama wala mjomba wa kumjibia.

"Masese, mwana wa Nyangau. Umesikia yote. Sita wametoka. Mwenyewe anatoka. Mwaka ni moja. Unataka?"

Masese aliitazama kompyuta. Alikuwa ameandika mara sabini na nne kwamba ana shauku kubwa na nafasi hii ya kipekee, mpaka kompyuta ikazoea, akianza tu kuandika "shauku" inamalizia yenyewe. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Wala yeye hakuwahi kujiuliza. Sasa ilimbidi aseme ukweli mbele ya mama yake, mzee wa kanisa na dari.

"Nataka," akasema. "Mwaka mmoja ni mchache, mzee, naujua uchache wake. Lakini nimesomea kitu kimoja maisha yangu yote na sijawahi kuamka hata asubuhi moja nikaenda kukifanya. Nataka hata kama ni kwa mwaka. Hata wangesema ni mwezi, ningetaka."

"Amekubali," Omwenga akatangaza, akagonga fimbo sakafuni. Emily alikuwa anajifuta macho kwa mkono huku mkono wa pili ukiandika jina kwenye mtambo kabla haujabadilisha nia.

Ndipo waliposikia Kwamboka analia.

Masese alidhani ni furaha. Akamshika bega, akaanza kumwambia kwamba Mungu amejibu. Lakini mzee Omwenga alikuwa anakwepa macho yake, anageuza kofia mikononi.

"Mama Masese, usinilaumu," mzee akasema kwa Ekegusii. "Nimefanya kama ulivyoniambia. Nimeuliza yote."

"Alikuambia nini?" Masese akauliza.

"Kwamba niwachimbe mpaka ubaya wao wote utoke nje. Alisema ukiusikia, utakataa mwenyewe."

Kwamboka alijifuta kwa leso, hakuona haya. "Nikisikia mtu anakohoa chumba kile kingine, najua nyumba hii ina mtu," akasema. "Basi. Ni hilo tu. Nilifikiri ukijua wanavyofukuzana huko, utabaki."

Masese akakumbuka zile barua za kukataliwa. Kila ilipokuja moja, jioni ile mama alisema pole, kisha akapika vizuri. Hakuwahi kushangaa kwa nini. Alikuwa na PhD na hakuwahi kushangaa. Alikaa pale na tai yake na gambuti zake, akaushika mkono wa mama yake.

"Mama anasema nini?" Emily akauliza kutoka kwenye kioo. Hakuna aliyemtafsiria.

Kwamboka ndiye aliyeinama, akaigeuza kompyuta kwenye debe mpaka ikamwelekea yeye peke yake.

"Emily."

"Naam, mama."

"Umesikia amekubali. Mimi sina neno tena. Lakini hiyo siku watakufukuza, usimwache huko peke yake. Mje wote wawili."

"Tutakuja, mama," Emily akasema. Hakuwa anacheka tena.

Bwana mwenye tai alitazama saa yake, akauliza kwa Kiingereza ni jambo gani hilo lililokuwa likizungumzwa muda wote huo. Emily alivaa miwani yake, akamjibu kwamba yalikuwa masharti ya ajira, na kwamba wamekubaliana.